Mkono Ufapo Ganzi: Historia ya Hofu Moja na Majina Yake

Katika mambo yamsumbuayo kijana mwenye afya yako yasiyomlaza kitandani wala kumkatisha kazi, lakini humnyima usingizi. Mojawapo ni hili: mkono humfia ganzi bila ya sababu aijuayo, na baada ya siku chache nyama ya kiganja, pale penye mzizi wa kidole gumba, huanza kucheza yenyewe. Hakuanguka, hakupigwa, wala hana homa. Huutazama mkono kana kwamba si wake. Tabibu humwuliza maswali, humgonga kwa kinyundo, kisha humwambia kwamba hana kitu. Na maneno hayo hayamtulizi hata kidogo, kwa kuwa kitu anakiona kwa macho yake kikirukaruka chini ya ngozi.

Hofu hii ina historia ndefu, nayo yawahusu watu wa lugha kuliko inavyodhaniwa, maana sehemu kubwa yake ni historia ya majina. Ganzi na kucheza kwa nyama ni mambo mawili ambayo mgonjwa aghalabu huyataja kwa pumzi moja, lakini tabia zao ni mbali mbali. Ganzi ni kimya. Haionekani, na mara nyingine hata mwenyewe haitambui mpaka ajichome au ajikate. Kucheza kwa nyama huonekana na kila mtu aliye karibu. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba kwa karne nyingi kile kilichoonekana kimetisha kupita kadiri yake, na kile kilichonyamaza kimeachwa hata kikaleta hasara. Na kwamba maneno tuliyoyatumia yamechangia katika hayo mawili.

Na tuanze na Kiswahili chenyewe. Neno ganzi latumika kwa viungo na kwa meno pia. Mtu aliyekula embe bichi au ukwaju husema meno yake yametiwa ganzi, na watafsiri wa Biblia walilichukua neno hilo hilo walipofikia mithali ya zabibu mbichi, iliyomo katika kitabu cha Yeremia mlango wa 31 na cha Ezekieli mlango wa 18. Basi ganzi si kukosa hisi tu. Ni hisi iliyoharibika, yenye ukakasi ndani yake. Walakini tulipopata dawa za kuzuia maumivu, neno lilielekezwa upande mmoja: sindano ya ganzi ni ile impayo mtu utulivu wakati jino ling'olewapo, hali dawa imlazayo mtu mzima mzima iliitwa nusu kaputi, jina ambalo kwa maoni yangu lina mzaha ndani yake kuliko majina yote ya hospitali.

Kitenzi kiambatanacho na ganzi ni kufa. Mkono hufa ganzi. Hapa ndipo penye hatari ya kwanza ya lugha, kwa sababu msemaji mwenye haraka huliacha neno ganzi na kusema, "Mkono wangu umekufa," na maneno hayo hayo hutumiwa na jamaa wa mzee aliyepatwa na kiharusi. Mmoja amepoteza hisi, na mwingine amepoteza nguvu. Kwa tabibu, tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa sana, kwa kuwa mishipa ya fahamu iletayo habari kutoka kwenye ngozi si ile ile ipelekayo amri kwenye misuli, ijapokuwa mara nyingi hutembea pamoja ndani ya kamba moja. Kupooza ni neno zuri kwa habari ya nguvu, lakini nalo latumika kwa chakula kilichopoa na hata kwa mmea uliodumaa.

Liko na neno la tatu, la ile hali ya katikati ambapo mkono unaanza kurudiwa na uhai: kusisimka. Wafaransa huiita hali hiyo kwa jina litokalo katika neno lao la chungu au siafu, yaani mdudu atambaaye. Walatini walifanya vivyo hivyo, na Wajerumani husema habari ya kutembelewa na chungu. Masikio ya msemaji wa Kiswahili hayawezi kukosa kusikia jinsi sisimka na sisimizi zilivyo karibu kwa sauti. Mataifa yaliyo mbali mbali yamefikia mdudu mmoja, bila shaka kwa sababu ngozi za watu wote zasimulia jambo hili kwa namna moja.

Sasa tugeukie kucheza. Jicho la mtu likicheza pwani yetu, wako wasemao kwamba atamwona mgeni au atalia. Kiganja kikiwasha, fedha i njiani. Mambo haya wengi huyacheka, lakini ni mabaki ya elimu iliyokuwa na vitabu vyake. Wagiriki walikuwa na maandishi ya kupiga ramli kwa kucheza kwa viungo, yaliyohusishwa na jina la Melampus, na vipande vyake vimepatikana katika mafunjo ya Misri. Mafunjo moja ya namna hiyo, iliyohifadhiwa Manchester katika maktaba ya John Rylands, yapitia mwili kiungo kwa kiungo na kueleza maana yake kwa mtumwa, kwa mwanamwali na kwa mjane, kila mmoja na bahati yake. Waarabu nao waliiendeleza elimu hiyo kwa jina la ikhtilaji. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika maandishi haya kucheza kwa kiungo ni habari itokayo nje: safari, mali, harusi, msiba. Halikuwa jambo la ugonjwa wa kiungo chenyewe. Mtu wa zamani aliyeona mkono wake ukicheza aliogopa kesho yake, wala hakuuogopa mkono.

Pembeni ya wapiga ramli walikuwako matabibu. Galen, katika karne ya 2, aliandika kitabu kizima cha kupambanua kutetemeka, kucheza kwa nyama, mkakamao na kitapo cha baridi, maana aliona watu wa zama zake wakiyachanganya. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliyaweka katika Kanuni yake ya tiba katika sehemu ya maradhi ya mishipa ya fahamu, na humo ganzi, ambayo Waarabu huiita khadar, ina mlango wake, na ikhtilaji ina wake. Kucheza kwa nyama alikueleza kwa upepo mzito uliofungwa ndani ya nyama ukitafuta njia ya kutoka. Msomaji aliyekulia pwani hatashangazwa na maelezo hayo. Bado husikika wazee wakisema kwamba upepo umeingia mkononi. Na lile neno la khadar limezaa katika Kiarabu cha siku hizi jina la dawa za kulevya. Sisi tulichukua maneno mengi ya tiba kutoka kwa Waarabu, lakini hili hatukulihitaji, kwa kuwa ganzi tulikuwa nayo.

Ganzi iliyotisha katika nchi zetu, na iliyokuwa na haki ya kutisha, ilikuwa ile ya ukoma. Wingi wa majina ya ugonjwa huu, ukoma, matana, jedhamu, waonyesha jinsi ulivyojulikana. Lakini kilichojulikana na kuogopwa kilikuwa sura yake ya mwisho: vidole vilivyofupika, pua iliyobonyea, vidonda visivyopona. Mwanzo wake ni wa kimya kabisa. Huanza kwa baka moja la ngozi lililopauka kidogo, lisilowasha wala kuuma, ambalo ukiligusa kwa unyoya mwenyewe hajui kwamba ameguswa. Vijidudu vyake hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, na kwa hiyo huishambulia mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi. Mmoja wao ni ule upitao nyuma ya kiwiko, ambao kila mtu aliyewahi kujigonga hapo anaujua. Ukiharibika huo, kidole kidogo na mwenziwe wa pili hufa ganzi, halafu hujikunja kama kucha za ndege.

Danielssen, tabibu wa mji wa Bergen katika Norway, na mwenziwe Boeck walieleza namna hii ya ukoma uuao hisi katika kitabu chao cha mwaka 1847, na katika mji huo huo Hansen alikiona kijidudu chenyewe mwaka 1873. Hata hivyo watu waliendelea kuamini kwamba vidole vya mkoma huoza na kuanguka kwa nguvu ya ugonjwa. Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefika Vellore, Bara Hindi, mwaka 1946, ndiye aliyewafunua macho wengi. Aliona kwamba vidole haviozi. Mwenyewe huviharibu pasipo kujua, kwa kushika sufuria la moto, kwa kukaza mno mpini wa jembe, kwa kutembea na mwiba mguuni, maana hana maumivu ya kumwonya. Mkono usiouma haulindwi. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa za kuchanganya ziuwazo vijidudu hivyo, nazo hutolewa bure. Mgonjwa akiwahi hupona na mikono yake ikiwa mizima. Asiyewahi hupona ugonjwa, akabaki na mkono uliokufa. Tofauti baina ya hao wawili mara nyingi ni baka moja la ganzi ambalo halikumtia mtu hofu.

Ulaya ganzi na udhaifu wa mkono viliingia katika vitabu kwa mlango mwingine, mlango wa waandishi. Bernardino Ramazzini, mwalimu wa tiba katika Padua, alitoa mwaka 1700 kitabu cha maradhi ya wafanya kazi, akakiongeza mwaka 1713, na katika nyongeza hiyo akawaeleza makarani. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa muda mrefu, kuuendesha mkono daima kwa namna ile ile, na kuikaza akili kwa kuogopa kuchafua daftari kwa makosa. Hilo la tatu nalipenda sana, maana Ramazzini alitambua kwamba woga nao ni kazi inayochosha mkono. Alimjua karani mmoja aliyeandika maisha yake yote na kupata mali kwa kazi hiyo. Mkono wake wa kuume ulianza kwa kuchoka, usipone kwa dawa yo yote, mwisho ukapooza. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda, na huo ukapatwa na maradhi yale yale.

Mwaka 1830 Charles Bell, bingwa wa mishipa ya fahamu katika Uingereza, alieleza watu ambao mkono wao ulishindwa kuandika na huku una nguvu za kutosha kwa kazi nyingine. Zilikuwa ndizo siku ambazo unyoya wa bata bukini ulikuwa ukiondoka mezani na kalamu ya chuma ikiingia, na wengi wakailaumu kalamu. Samuel Solly wa London akatoa mihadhara juu ya kupooza kwa waandishi katika miaka ya 1864 na 1865. Vivian Poore akachungua wagonjwa 75, akayatangaza matokeo mwaka 1878, akionyesha kwamba chini ya jina moja la ugonjwa wa waandishi mlikuwa mmejificha magonjwa mengi tofauti. Onyo hilo halikusikilizwa sana. Jina lilikwisha pata nguvu.

Ukitaka kuona jinsi jina linavyobadilika hali mgonjwa ni yule yule, mtazame Robert Schumann. Alizaliwa mwaka 1810 katika Zwickau, akaacha masomo ya sheria mwaka 1830 ili awe mpiga piano chini ya mwalimu Friedrich Wieck katika Leipzig. Kufikia mwaka 1832, naye yu kijana wa miaka ishirini na miwili, kidole cha kati cha mkono wake wa kuume kilikuwa hakimtii tena. Alikuwa amekwisha tumia chombo cha kukizuia na kukinyosha kidole ili kukipa nguvu. Akajaribu umeme, akajaribu maji ya pombe na dawa za majani. Akatumbukiza mkono ndani ya matumbo ya mnyama aliyechinjwa wakati ule ule, ili ujoto wake umponye, na yeye mwenyewe aliona kinyaa kwa tiba hiyo. Hakupona. Akaacha kupiga na kuwa mtunzi. Watu wa zama zake walikilaumu kile chombo. Mwaka 1971 Eric Sams alisema ilikuwa sumu ya zebaki, iliyotolewa siku hizo kama dawa ya kaswende. Mwaka 1978 Henson na Urich walisema ni mshipa mmoja wa fahamu wa mkononi ulioumia. Mwaka 2005 Altenmüller, mwanamuziki na daktari, alisema ni ule ugonjwa wa ubongo kupoteza ramani ya kidole kinachofanyishwa kazi kupita kiasi, nami naona hoja yake ndiyo yenye uzito, kwa sababu yaeleza kwa nini kidole kilikataa piano bila ya kukataa kila kazi. Kila kizazi kimempa maradhi kilichoyaogopa au kuyajua zaidi.

Habari ya wapeleka simu yafaa kutajwa kwa ufupi. Onimus, Mfaransa, aliandika juu ya mikono yao mwaka 1875. Katika Uingereza ugonjwa wao uliingizwa mwaka 1908 katika orodha ya maradhi ya kazi yanayolipiwa fidia. Na kamati ya serikali iliyotoa taarifa yake mwaka 1911 ikasema kwamba sababu ni mbili, uchovu wa mkono na udhaifu wa mishipa ya fahamu ya mfanya kazi mwenyewe. Ndivyo tabia ya karani ilivyoletwa mashitakani pamoja na mkono wake. Kijana aliyeona vidole vyake vikishindwa alikuwa na mambo mawili ya kuficha, ugonjwa na aibu.

Wakati huo huo, mbali na makarani na wapiga piano, walikuwako watu ambao mikono yao ilikufa ganzi usiku. Wengi walikuwa wanawake wafuao nguo, washonao na wasuguao sakafu. James Jackson Putnam wa Boston alieleza habari za wagonjwa 37 mwaka 1880: huamshwa usingizini na ganzi na kusisimka, huutikisa mkono nje ya kitanda, hali ikaondoka. Huo ni ushahidi mzuri mno, uliotolewa na wagonjwa wenyewe. Atikisaye mkono akapona amekwisha sema kwamba tatizo li mkononi. Lakini matabibu hawakuutazama mkono. Walitazama damu, walitazama tabia ya wanawake, na baadaye, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walitazama shingo, wakidhani kwamba ubavu wa ziada shingoni ndio unaobana; wapasuaji wakawakata watu mbavu.

Mwaka 1913 Pierre Marie na Charles Foix, katika Paris, walipasua maiti ya bibi mzee ambaye nyama ya mzizi wa kidole gumba chake ilikuwa imekonda, wakakuta mshipa wa fahamu umebanwa penye kifundo cha mkono, chini ya kano pana ipitayo hapo kama daraja. Waliandika kwamba kulikata daraja hilo mapema kungeweza kumwokoa mgonjwa. Maneno yao yalipita bila ya kutiwa maanani. Miaka miwili baadaye, katikati ya vita kuu, Tinel upande wa Ufaransa na Hoffmann upande wa Ujerumani walieleza, kila mmoja peke yake na katika mwaka ule ule wa 1915, kwamba ukigonga kwa kidole juu ya mshipa wa fahamu ulioumia, mgonjwa husikia siafu mkononi. Vita viliwapa wagonjwa wa kutosha. Lakini elimu hii yote haikuwafikia wale wanawake wa Putnam mpaka Phalen wa Cleveland, katika Marekani, alipoanza mwaka 1950 kutangaza maandishi yake juu ya mshipa huo na kuwafundisha madaktari kukunja kifundo cha mkono kwa dakika moja, wakingoja ganzi ijitokeze. Miaka 70 ilikuwa imepita tangu 1880.

Kijana wa leo aamkaye na vidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, aghalabu amebanwa hapo hapo. Akiwa ganzi yake ni ya kidole kidogo, huenda ameegemea kiwiko mezani au amelala amekikunja. Ziko na sababu nyingine za kutafutwa katika damu, kama kisukari, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini, na pombe nayo ina sehemu yake. Na katika nchi zetu hapana daktari mwenye haki ya kuusahau ukoma.

Imebaki habari ya kucheza kwa nyama, na hapa hofu ya vijana ndiyo kali kuliko zote. Mwaka 1850 Aran, katika Paris, alieleza wagonjwa kumi na mmoja waliokondeana misuli polepole, na kwa wengi wao misuli ilichezacheza. Charcot na Joffroy mwaka 1869 walionyesha mahali ugonjwa ulipo katika uti wa mgongo, na mwaka 1874 Charcot aliupa jina la kitabibu lililobaki hata leo. Ni ugonjwa usioponyeka. Katika Marekani ulipata jina la mchezaji: Lou Gehrig, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo ya besiboli, alishindwa mikono na miguu, akapimwa katika Mayo Clinic mwezi wa Juni 1939, naye ana miaka 36, akafa mwaka 1941. Tangu hapo kucheza kwa msuli kulikuwa na uso na jina. Kile ambacho kwa Mgiriki kilikuwa habari ya mgeni ajaye, kilikuwa sasa hati ya kifo.

Lakini ushahidi wa upande wa pili ulikuwako mapema. Friedrich Schultze mwaka 1895 alieleza kucheza kwa misuli kusikokuwa na madhara, akalipa jambo hilo jina la Kigiriki lenye maana ya mawimbi ya misuli. Mwaka 1938 Denny-Brown na Pennybacker walipambanua mambo mawili yaliyokuwa yakiitwa kwa jina moja. La kwanza ni mtikisiko wa uzi mmoja mmoja wa msuli uliokatikiwa na mshipa wake wa fahamu; huo ni mdogo mno, hauonekani kupitia ngozi, hutambuliwa kwa sindano na umeme tu. La pili ni kuruka kwa fungu zima la nyuzi, nako ndiko kunakoonekana kwa macho. Yaani alama ya hakika ya msuli kufiwa na mshipa wake haionekani, na ile ionekanayo yaweza kumpata mtu ye yote aliyechoka, aliyekesha, aliyekunywa kahawa nyingi au aliyejawa na wasiwasi. Mwaka 1963 Reed na Kurland waliwauliza watu wazima wenye afya wafanyao kazi za tiba, na karibu saba katika kila kumi walisema misuli yao imewahi kucheza. Mwaka 1993 ikatangazwa kutoka Mayo Clinic, hospitali ile ile ya Gehrig, habari ya wagonjwa 121 waliokuwa na kucheza kwa misuli bila ya udhaifu wala kukonda, waliofuatiwa kwa muda wa miaka miwili hata thelathini na miwili. Hakuna hata mmoja aliyepatwa na ugonjwa ule wa Charcot. Na miongoni mwa hao 121 wafanya kazi za tiba walikuwa wengi kupita sehemu yao katika umma. Mwaka 2013 waandishi wawili wa Australia waliipa hofu hiyo ya matabibu jina lake yenyewe, kana kwamba majina hayakutosha.

Si ajabu. Anayelijua jina ndiye anayeogopa. Mkulima asiyewahi kumsikia Charcot husema nyama yake yacheza, akaendelea kulima. Mwanafunzi wa tiba huhesabu mirukio usiku kucha, na kwa kukesha huko huiongeza. Simaanishi kwamba mkulima ndiye mwenye akili zaidi, maana huyo huyo aweza kuliacha baka la ganzi miaka mitatu. Atazamiwaye na madaktari ni udhaifu: kitufe kisichofungika, ufunguo usiozungushika, nyama ya kiganja iliyobonyea. Hayo yakiwapo, kuchelewa ni kosa, iwe msuli wacheza au haucheza.

Kwa hiyo watungao kamusi na vitabu vya tiba kwa Kiswahili wana kazi hapa. Naona ganzi ibaki kwa hisi peke yake, na kusisimka kwa ile hali ya siafu. Kupooza na kulegea viwe vya nguvu. Kutetemeka kuwe kwa mkono mzima utikisikao, na kucheza kuwe kwa nyama irukayo mahali pamoja, kama watu wasemavyo tayari juu ya jicho. Maneno yote haya yapo midomoni mwa watu, hayahitaji kuundwa. Galen alihitaji kitabu kizima kuyapambanua katika lugha yake. Yanayohitajiwa ni kwamba mwandishi asiandike "mkono umekufa" akaacha msomaji akisie, na kwamba mganga aulizaye asikubali jibu hilo bila ya kuuliza la pili.

Katika zahanati kipimo chenyewe ni chepesi. Mgonjwa hufumba macho, na mpimaji humgusa taratibu ngozi ya mkono kwa pamba au kwa ncha ya kalamu ya wino, mahali hapa na pale. Mgonjwa huonyesha kwa kidole kila mahali alipoguswa. Pale asipoonyesha, mpimaji hurudia.